Faiba Ipi Isikilize Kifua? Ulinganisho wa Njia Tatu za Kupima Upumuaji na Mapigo ya Moyo kwa Nyuzi za Mwanga

Mtu aliyelala chali juu ya godoro hatulii kabisa, hata akiambiwa asitikisike. Kifua chake hupanda na kushuka mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila moyo unaposukuma damu kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni, mwili mzima husukumwa kidogo upande wa pili, kama mtumbwi unavyorudi nyuma pale abiria anaporukia nchi kavu. J. W. Gordon aliuona msukumo huo mwaka 1877, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Isaac Starr wa Marekani aliufanya kuwa njia ya kuchunguza moyo, akimlaza mtu juu ya meza iliyoning'inizwa. Kazi iliyohitaji meza ile sasa inaweza kufanywa na faiba, yaani uzi wa kioo wa kupitisha mwanga, wenye kipenyo cha milimita 0.125 uliotandazwa chini ya shuka.

Faiba hiyo, hata hivyo, inaweza kutumika kwa namna zaidi ya moja, na hapo ndipo wengi hukwama. Makala hii inalinganisha namna tatu zinazotumika zaidi: faiba inayopoteza mwanga inapopindwa, gretingi ya Bragg (michirizi iliyochorwa ndani ya faiba), na intaferomita (inayolinganisha mikondo miwili ya mwanga). Imeandikwa kwa ajili ya mwenye kuchagua, awe mhandisi wa vifaa tiba, mwanafunzi anayeandaa mradi wake, au daktari aliyewekewa mezani mapendekezo matatu, kila moja likidai kwamba lake ndilo sikivu kuliko yote. Dai hilo la usikivu ndilo linaloponza watu, kwa sababu faiba isiyosikia mapigo ya moyo ni nadra. Taabu kubwa ni yale mengine yote inayoyasikia pamoja nayo.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni kile unachotaka kujua. Kuhesabu pumzi kwa dakika ni kazi nyepesi. Kuhesabu mapigo ya moyo ni ngumu zaidi. Kupima muda kati ya pigo na pigo kwa usahihi ni ngumu zaidi ya hapo. Na kuona sehemu mbalimbali za mwili zikitembea kila moja kivyake ni jambo jingine kabisa. Kigezo cha pili ni kelele, yaani mambo yasiyotakiwa ambayo kihisi hakiwezi kuyakwepa. Cha tatu ni mahali faiba inapokutana na mwili: kwenye godoro, kwenye mkanda au ndani ya nguo. Cha nne ni kifaa cha kusomea pamoja na ufundi unaohitajika kukitunza.

Usalama ndani ya chumba cha MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, sikuuweka kwenye orodha hiyo kwa makusudi. Kioo na plastiki havipitishi umeme, kwa hiyo njia zote tatu zinaepuka hatari ya waya za ECG (kipimo cha umeme wa moyo kwa elektrodi zinazobandikwa ngozini) kupata joto na kuunguza ngozi, na zinaepuka pia upotoshaji wa ECG unaotokana na damu kutiririka ndani ya uga wenye nguvu wa sumaku. Ubora huo ni wa faiba yenyewe, hivyo hausaidii kuchagua kati ya faiba na faiba. Angalizo ni moja tu: viunganishi vingi vya faiba vina springi na vipande vya chuma ndani yake, na kifaa cha kusomea kina chuma tele. Kifaa hicho kibaki nje ya chumba, na kiunganishi cha chuma kisipite mlangoni. Faiba ya kioo hupoteza takriban desibeli 0.2 tu kwa kilomita kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, kwa hiyo mita chache za ziada kufika chumba cha pili hazina athari.

Njia tatu, kwa ufupi

Chukua faiba ya kawaida, ipitishie mwanga mwekundu wa leza ya majaribio, kisha izungushe kwenye kidole chako. Pale inapojipinda utaona wekundu ukivuja ubavuni, na kadiri unavyokaza mzunguko ndivyo wekundu unavyokolea na mwanga wa upande wa pili unavyofifia. Hiyo ndiyo njia ya kwanza nzima. Faiba hulazwa katikati ya nyavu mbili ngumu. Mwili ukikandamiza, nyavu huipinda mahali pengi kidogo kidogo, mwanga hutoka kwenye kiini cha faiba na kuingia kwenye ganda linalokizunguka, na kipokea mwanga kilicho mwishoni husoma upungufu huo.

Njia ya pili ilianza mwaka 1978, pale Kenneth Hill na wenzake walipogundua nchini Canada kwamba mwanga unaweza kuchora michirizi ya kudumu ndani ya kiini cha faiba. Mwaka 1989 G. Meltz na wenzake walionyesha jinsi ya kuichora kutoka ubavuni kwa mwanga wa urujuani usioonekana, na tangu hapo gretingi za urefu wa mawimbi wowote unaotakiwa zikawezekana. Michirizi hiyo hurudisha rangi moja tu ya mwanga na kuziacha nyingine zipite. Faiba ikivutwa, nafasi kati ya mchirizi na mchirizi hupanuka na rangi inayorudi husogea. Karibu na nanomita 1550, kunyooshwa kwa sehemu moja kwa milioni ya urefu wa faiba huisogeza rangi hiyo kwa takriban pikomita 1.2.

Njia ya tatu hugawa mwanga wa leza katika mikondo miwili, mmoja ukipita kwenye faiba iliyo chini ya mgonjwa na mwingine kwenye faiba iliyotulia, kisha huikutanisha. Mikondo ikifika sambamba, mwanga huongezeka. Ikifika kinyume, huzimana. Faiba ya mgonjwa ikirefuka kwa takriban maikromita moja tu, mwanga umekwisha kupita mzunguko mzima wa kuwaka na kufifia. Unywele mmoja wa mtu una unene wa makumi ya maikromita.

Unachotaka kujua

Kwa kuhesabu pumzi, njia zote tatu zinatosha, na anayetaka hilo peke yake hana sababu ya kuvuka njia ya kwanza.

Mapigo ya moyo yanahitaji maelezo zaidi. Ukitazama mchoro unaotoka kwenye godoro lolote la aina hii, utaona wimbi kubwa la polepole, na juu ya mgongo wake viwimbi vidogo vya haraka. Wimbi kubwa ni pumzi. Viwimbi ni moyo. Mwambie mtu azuie pumzi kwa sekunde 10: wimbi kubwa hulala, na viwimbi hubaki peke yake, safi, kila kimoja na kilele chake. Ni rahisi kudhani kwamba kichujio kitafanya kazi hiyohiyo mtu akiendelea kupumua, lakini wimbi la pumzi si laini kama linavyochorwa vitabuni. Lina kona, na kona hizo huzaa mizidisho ya kasi yake. Anayepumua mara 18 kwa dakika huzaa mzidisho wa nne kwenye 72, na 72 ni kasi ya kawaida kabisa ya moyo. Programu isiyo makini itauhesabu mzidisho huo kama moyo na itatoa namba yenye kuaminika kwa macho. Hapa njia ya kwanza huathirika kuliko nyingine, kwa kuwa uhusiano kati ya mkandamizo na mwanga unaopotea haunyooki, na kutonyooka huko huongeza mizidisho. Gretingi ya Bragg husogea kwa uwiano ulionyooka na kunyooshwa kwake, jambo linalosaidia sana. Intaferomita, ikifasiriwa vizuri, nayo inafuata uwiano ulionyooka. Isipofasiriwa vizuri ndiyo mbaya kuliko zote, maana pumzi moja hupitisha mwanga mizunguko mingi ya kuwaka na kufifia, na mchoro mbichi hauna sura ya pumzi hata kidogo.

Muda kati ya pigo na pigo ni eneo ambalo intaferomita inang'ara. Kilele cha pigo kinaonekana wazi hata kwa mtu mwepesi aliyelala ubavu, na hilo linatoa nafasi nzuri ya kufuatilia jinsi muda kati ya mapigo unavyobadilika usiku kucha. Gretingi inaweza kulifikia lengo hilo ikiwa imebandikwa vizuri karibu na kifua na kusomwa angalau mara 100 kwa sekunde.

Sehemu kadhaa za mwili kwa wakati mmoja ni milki ya gretingi. Kwenye uzi mmoja unaweza kuchora gretingi kadhaa, kila moja na rangi yake, na kifaa kimoja kikazisoma zote bila kuchanganya. Moja ikae kifuani na nyingine tumboni, nawe utaona jambo ambalo godoro la faiba moja haliwezi kukuonyesha: njia ya hewa inapoziba usingizini, kifua na tumbo huendelea kuhangaika, lakini hupishana, kimoja kikipanda kingine kikishuka. Faiba moja iliyo chini ya mgongo hujumlisha harakati hizo mbili, na zikiwa kinyume zinaweza kufutana, mtu akaonekana hapumui wala hajaribu kupumua. Kwa mchunguzi wa matatizo ya usingizi tofauti hiyo ni kubwa mno.

Kelele

Faiba inayopindwa ni ya kiziwi kiasi, na kwa kazi nyingi hiyo ni faida. Hatua za mtu anayepita kando ya kitanda haziisumbui sana. Kinachoisumbua ni kwamba haijui kutofautisha: mwanga ukipungua kwa sababu mgonjwa amevuta pumzi, au LED imezeeka, au kiunganishi kimelegea, kipokea mwanga huona jambo lilelile. Kwa kuwa tunatafuta mdundo wala si kiasi kamili, upungufu wa polepole si janga. Uzito ndio tatizo halisi. Mtu mzito anaweza kuipinda faiba hadi ikaishiwa nafasi ya kupindika zaidi, ilhali mtoto asiikandamize vya kutosha. Nyavu na tabaka la povu huchaguliwa kulingana na watu watakaolazwa, na godoro lililofaulu kwa vijana wa maabara lijaribiwe upya kwa wazee na watoto.

Adui anayetajwa sana wa gretingi ni joto, ambapo nyuzi moja ya selsiasi huisogeza rangi kwa takriban pikomita 10, sawa na kunyooshwa kwa sehemu nane hivi kwa milioni. Kwa daraja au bawa la ndege, hilo ni tatizo zito. Kwa kifua, naliona limekuzwa kupita kiasi: kitanda hupata joto kwa dakika nyingi, pumzi hubadilika kwa sekunde chache, na kichujio cha kawaida huvitenganisha bila shida. Wapo hata wanaoligeuza tatizo kuwa kipimo, kwa kuweka gretingi ndani ya barakoa ili joto la hewa inayotoka na ubaridi wa inayoingia vihesabu pumzi. Tatizo linalostahili kuogopwa zaidi ni mkanda kulegea, kwa kuwa gretingi isiyovutwa haina cha kusema.

Intaferomita husikia kila kitu: mlango uliofungwa chumba cha jirani, feni, mwenza aliyelala upande wa pili, sauti ya mtu anayezungumza, na ndani ya MRI mtikisiko wa meza kila koili za mashine zinapogonga. Mingi ya mitikisiko hiyo ina kasi kubwa kuliko moyo na inaweza kuchujwa, mradi haijakizidi kifaa uwezo wa kusoma. Lipo na tatizo la ndani. Mwanga ukiwa kwenye kilele au bondeni kwa mzunguko wake, badiliko dogo haliusogezi, na kihisi sikivu kuliko vyote hugeuka kiziwi kwa muda bila kutoa taarifa. Suluhisho linalojulikana ni kukutanisha mikondo kwenye kiunganisho chenye matokeo matatu (njia tatu za mwanga kutokea) yaliyopishana kwa digrii 120, ili moja likiwa kileleni mengine yawe kwenye mteremko. Pendekezo la intaferomita lisiloeleza jinsi linavyokabiliana na hali hiyo lirudishwe kwa mwenye nalo.

Mwili na faiba

Faiba ya kioo huvunjika ikikunjwa kwa ukali, na kipande chake ni mwiba usioonekana. Kwa hiyo kwenye godoro iwe ndani ya tabaka lililofungwa, na kwenye mkanda ifunikwe kwa silikoni au mpira laini. Gretingi ihadhariwe zaidi, kwa sababu mara nyingi koti la faiba huvuliwa ili michirizi ichorwe, na mahali hapo hudhoofika lisiporudishwa vizuri.

Njia ya kwanza ina chaguo ambalo nyingine hazinalo kwa urahisi: faiba ya plastiki, yenye kipenyo cha takriban milimita moja, inayoonekana kwa macho, inayokatwa kwa wembe na kushonwa kwenye kitambaa. Hupoteza mwanga mwingi zaidi, lakini kwa mita mbili za fulana hilo halina uzito. Anayetaka kihisi cha kuvaliwa, kufuliwa na kubadilishwa mara kwa mara aanzie hapo. Intaferomita haipendi kuvaliwa: mtu akitembea, hatua zake hufunika kila kitu. Mahali pake ni chini ya godoro au kiti.

Kifaa cha kusomea

Kwa njia ya kwanza kinachohitajika ni LED, kipokea mwanga, kikuza ishara na kompyuta ndogo. Mwanafunzi anaweza kuijenga mezani na kuona pumzi yake kwenye kioo cha kompyuta mchana uleule. Kwa gretingi, uzi wenyewe si ghali sana. Ghali ni kifaa kinachosoma msogeo wa pikomita, na bei hiyo ndiyo huua miradi mingi kabla haijaanza. Bei hiyo hupungua makali pale kifaa kimoja kinaposoma vitanda kadhaa au gretingi nyingi. Intaferomita iko katikati kwa gharama ya sehemu zake, ila inadai akili nyingi za kufasiri awamu ya mwanga, yaani mahali ulipo kwenye mzunguko wake, na mtu wa kuitengeneza ikiharibika.

Pale ambapo faiba haijibu swali

Njia zote tatu husoma harakati. Umeme wa moyo hazijui. Zinaweza kuonyesha kwamba mdundo umekosa mpangilio, lakini chanzo chake ndani ya moyo kitajulikana kwa ECG, na hapo elektrodi hazina mbadala. Kiwango cha oksijeni kwenye damu hupimwa kwa mwanga wa rangi mbili unaopita kwenye nyama ya kidole, kwa kawaida nanomita 660 na 940. Faiba inaweza kuupeleka mwanga huo kidoleni ndani ya MRI, ila godoro halitakupa namba hiyo kamwe. Shinikizo la damu halisomwi kwa uhakika kutoka kwenye shuka. Vipo vihisi vya faiba vinavyopima shinikizo vikiwa kwenye ncha ya katheta (mrija mwembamba) ndani ya mshipa, lakini huko ni kuingia ndani ya mwili, na mjadala wake ni mwingine.

Nani achukue ipi

Anayetaka kujua kama mzee anayeishi peke yake yuko kitandani na anapumua, au anayefuatilia kasi ya pumzi kwa wagonjwa wengi kwa gharama ndogo, achukue faiba ya kupindwa, aijaribu kwa uzito mbalimbali, na asiiahidi kazi ya kupima muda kati ya mapigo.

Anayechunguza usingizi, mazoezi ya kupumua au urejeshaji wa misuli ya kifua baada ya upasuaji, na anahitaji kuona kifua na tumbo kila kimoja kivyake, achukue gretingi. Vivyo hivyo kituo chenye vitanda kadhaa vinavyoweza kuchangia kifaa kimoja cha kusomea.

Anayehitaji mapigo yaliyo wazi kutoka kwa mtu aliyetulia, bila kumgusa, mathalani mgonjwa aliyeungua ambaye ngozi yake haivumilii gundi ya elektrodi, au mtafiti wa mabadiliko ya mapigo usiku, achukue intaferomita, mradi chumba ni kimya na mtaalamu wake yupo karibu.

Kwa chumba cha MRI uamuzi hutegemea kazi: gretingi ikiwa picha zinapaswa kupigwa kwa kufuata pumzi na mkanda unaweza kufungwa, faiba ya kupindwa ikiwa kinachotakiwa ni uangalizi wa pumzi tu. Intaferomita huko ni ya wenye uzoefu.

Na anayebaki kati ya mbili aombe zote mbili zijaribiwe kwa kitanda kimoja, pamoja na ECG ya kulinganishia. Mtu alale, apumue kawaida, azuie pumzi, akohoe, ageuke, kisha ashuke. Kitanda kikiwa kitupu, uwekwe mfuko wa mchanga mahali alipokuwa. Mfumo utakaoendelea kutoa mapigo 72 kwa dakika kwa mfuko huo urudishwe kwa muuzaji, haijalishi ndani yake kuna faiba ya aina gani.